Mjalidi wa Chini ya Ngazi na Roma Yake

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi mtakayoyakuta. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua saa mbili. Nalitazama neno kwanza kama ninavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Basi mkiona nimekosea, msinicheke mpaka mfike mwisho. Baadhi yenu mnaishi nasi humu kwenye jengo letu, hapa Kariakoo, na mtaona naeleza mambo mnayoyajua. Nivumilieni. Wengine mko mbali na hamkuwahi kumwona mtu ninayetaka kuwaeleza.

Hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mjalidi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Alishona kurasa zilizochomoka, akabandika majalada mapya, akaandika jina la kitabu mgongoni kwa rangi ya dhahabu. Walimletea misahafu iliyochakaa, kamusi za wanafunzi, madaftari makubwa ya ofisini. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo letu, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama wima. Yeye alikuwa mrefu. Miaka yote niliyomfahamu alifanya kazi ameinama, hata alipotoka nje alichukua hatua kumi hivi kabla ya kukumbuka kunyooka.

Cherehani yangu iko barazani, karibu kabisa na mlango uliokuwa wake. Ninaishi ghorofa ya pili na shangazi yangu. Kwa hiyo nilimsikia mchana kutwa: mkasi wake, kikohozi chake, na redio yake iliyokuwa haishiki kituo kimoja vizuri.

Vidole vyake vilikuwa na gundi daima, gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe kwenye kopo. Akikupa mkono, mkono wako ulibaki naye kidogo kabla ya kuachia. Watoto walipenda kumsalimia kwa ajili hiyo tu. "Shikamoo babu!" wanamshika, wanavuta, wanacheka. Naye hukunja uso kama ameudhika, huku amewashika.

Mimi ni mtu wa aibu. Mteja akiniambia gauni limembana, namjibu kwa kichwa. Wengi walidhani sisikii vizuri. Mjalidi peke yake ndiye niliyeweza kuzungumza naye sentensi nzima, labda kwa sababu hakunitazama usoni nilipozungumza. Alitazama sindano yake. Ndiye aliyenifundisha kushona kurasa, na mimi nilimpa nyuzi zilizobaki kwenye vigurudumu vyangu. Ndiyo maana vitabu vingi vya mtaa huu, ukivifungua katikati, vina uzi wa rangi ya gauni la mtu.

Sasa niwaeleze habari ya Roma.

Mtu mmoja alimletea kitabu kinene kuhusu mji wa Roma wa zamani sana, enzi za wafalme wao wakuu. Kilikuwa kimechanika vipande vitatu. Akasema atakipitia Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine, na nyingine, hakurudi. Mjalidi alikuwa na tabia ya kusoma anachokishona. Nilipomuuliza sababu, aliniuliza, "Wewe unashona gauni bila kumpima mwenyewe?" Alikisoma kile cha Roma mpaka mwisho, akarudia. Kisha akaanza kuzunguka kwa wauza vitabu vya mitumba kutafuta vingine. Halafu siku moja akachukua karatasi akaanza kuandika hadithi yake, kwa Kiswahili, ya mwanamke dobi aliyeishi Roma juu kabisa ya jengo la ghorofa.

Mama Swaumu, jirani yetu wa ghorofa ya nne, anayekaanga maandazi pale nje, alishangaa. "Zamani hizo walikuwa na maghorofa?"

"Walikuwa nayo. Chini maduka, katikati wenye uwezo, juu kabisa maskini."

"Basi sisi wa juu hatujaanza leo."

"Hamjaanza leo, mama."

Lakini Mjalidi alikuwa na sharti ambalo sijaona mtu mwingine akiwa nalo. Aliandika kwenye karatasi za aina mbili. Jambo alilolisoma kwenye vitabu, tena viwili au zaidi, aliliandika kwenye karatasi nyeupe. Jambo alilolitunga mwenyewe aliliandika kwenye karatasi ya kaki, ile ya bahasha. Kisha akazishona pamoja kwa mpangilio wa hadithi. Ukikitazama kitabu chake kwa ubavu uliona mistari, nyeupe na kaki, nyeupe na kaki, kama keki iliyokatwa.

Na kila kitu alikiuliza hivyo. Ukimletea habari yoyote, hata ya ajali, hata ya ndoa ya mtu, alikuuliza, "Umeona au umepika?" Watu walimkasirikia. Mimi nilizoea. Mpaka leo mtu akinieleza jambo, moyoni nasikia, umeona au umepika?

Mara moja kwa mwezi alivuka barabara kwenda kwa muuza viungo, aliye na mizani ya shaba, akapima karatasi za mwezi huo kabla ya kuzishona. Nyeupe upande huu, kaki upande ule. Alitaka nyeupe zizidi. Muuza viungo alimtania, "Mzee, leo Roma imepanda au imeshuka?" Ikitokea kaki zimezidi, alirudi ameinama zaidi, akakaa siku kadhaa bila kuandika, anasoma tu.

Baada ya sala ya alasiri, kazi zikipungua, alikaa kwenye kigoda barazani akatusomea. Hapo alikuwa na sharti la pili. Akifika kwenye karatasi ya kaki alisimama na kuita, "Paukwa!" na sisi tuliitikia, "Pakawa!" Ndiyo ilikuwa alama yetu kwamba sasa tunaingia kwenye utunzi. Akirudi kwenye nyeupe hakuita kitu, alisoma tu kwa sauti kavu kama anayesoma tangazo. Kwa hiyo hata aliyekaa mbali, asiyeona karatasi, alijua.

Ila watu wetu walimtesa. Waliyabishia ya nyeupe na kuyakubali ya kaki. Siku aliyosoma kwamba madobi wa Roma walifulia nguo kwa mkojo, Mama Swaumu alisimama na kijiko cha maandazi mkononi.

"Mkojo?"

"Mkojo. Waliweka mitungi njiani, wapita njia wakajaza."

"Nguo za sherehe? Za wakubwa?"

"Hizo hasa. Unang'arisha."

"Toka hapa na Roma yako! Mzee, umri umekwenda lakini uongo bado kijana."

Mjalidi akainua karatasi. "Nyeupe hii, Mama Swaumu. Tazama. Nyeupe."

"Hata ingekuwa ya fedha!"

Kesho yake akaita paukwa, akasoma jinsi dobi alivyofiwa na mtoto wake wa kike kwa homa, akamshusha ngazi zote amembeba mgongoni kwa sababu hakuna aliyejitolea kumsaidia. Mama Swaumu alilia wazi. Maandazi yakaungua. "Jamani, na huyo mtoto aliitwa nani?"

"Hakuwepo, mama. Nimempika."

"Usiseme hivyo, mzee. Mtoto wa watu."

Yeye hakucheka. Alifunga kitabu, kisha akaniambia polepole, "Umeona? Nikitaka waniamini, inabidi nidanganye." Sikulichukulia kwa uzito wakati ule. Sasa nalifikiria kila ninapopanda ngazi.

Ukali wake kwa vitu vidogo ulikuwa wa ajabu. Idi, kijana anayetengeneza simu kwenye meza ya jirani, alimjia siku moja.

"Mzee, mambo ya Roma vipi?"

"Shikamoo umeiacha nyumbani?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Zile nyanya alizopika dobi. Nimecheki kwenye simu. Wakati ule Roma hawakuwa na nyanya. Zimekuja baadaye sana, kutoka ng'ambo kabisa."

Mjalidi alimwomba amwonyeshe. Akasoma kwenye kioo kile kilichopasuka, akarudia. Akaingia kibandani akafunga mlango. Alikata nyuzi za kitabu kizima, akatoa kila ukurasa wenye nyanya, akauandika upya. Nilimpelekea chai, nikamuuliza, "Babu, dobi mzima umemtunga, nyanya inakusumbua nini?"

"Madobi walikuwepo wengi," akasema. "Mmoja wao angeweza kuwa huyu wangu. Nyanya haikuwepo hata moja. Dobi wangu ni zawadi kwa wale ambao hakuna aliyewaandika. Nyanya ni kuwasingizia marehemu, nao hawawezi kuja hapa barazani kunilalamikia."

Aliposoma kwamba Warumi walitia kwenye vyakula vyao mchuzi wa samaki waliooza kwa chumvi juani, alitaka kuandika harufu yake na hakuijua. Akaenda soko la samaki la Feri, akarudi na mfuko wa vibua wadogo na matumbo ya samaki, akavishindilia kwenye ndoo na chumvi, akaiweka juu ya paa. Wiki ya pili jengo zima lilikuwa likilalamika. Msimamizi wa jengo, yule bwana anayekusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba, alipanda na kushuka akidhani paka amekufa kwenye tangi la maji. Mjalidi alimsaidia kumtafuta huyo paka kwa saa nzima.

Ndiyo, alikuwa muongo pia. Hilo sitalificha, maana mwenyewe asingependa nilifiche. Kuhusu Roma hakudanganya hata kwa nyanya, ila kuhusu nafsi yake alidanganya kila siku. Alikuwa akichechemea. Mteja mmoja alimwambia aliumia kwenye mpira, mwingine alimwambia aligongwa na mkokoteni, mimi aliniambia ni kiatu. Binti yake anayeishi Upanga alimpigia simu kila mchana kuuliza kama amekula. "Nimekula, mwanangu, wali na samaki," naye mbele yake ana gundi tu. Akikata simu nilimwambia, "Kaki tupu, babu." Ndio mzaha pekee niliowahi kuufanya mbele ya watu. Alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi kile nacho alisema ni vumbi la vitabu.

Vumbi kweli lilikuwepo, lakini si la vitabu. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kuchimba stoo chini ya maduka ya mbele. Mchana kutwa tulisikia nyundo kutoka chini ya miguu yetu. Sikuzijali kwanza. Kisha nikaona vifungo kwenye kisahani changu vinatambaa vyenyewe, taratibu, kuelekea ukingoni. Nilivirudisha, navyo vikatambaa tena.

Wakati huo Mjalidi alikuwa amefika sehemu ya hadithi ambapo jengo la dobi linaanza kuugua. Hilo lilikuwa la nyeupe: maghorofa ya Roma yalianguka mara nyingi, kwa sababu wenye nayo walijenga kwa haraka na kwa vitu hafifu, wakaongeza ghorofa juu ya ghorofa mpaka ikatungwa sheria ya kupunguza urefu. Kuta zikipasuka, wasimamizi waliziba nyufa na kuwaambia wapangaji walale bila wasiwasi. Alitusomea hayo kwa sauti yake kavu. Idi akasema, "Mzee, hao Warumi wako walikuwa Wabongo." Watu wakacheka. Msimamizi wetu, aliyekuwa anapita, akacheka pia.

Lakini Mjalidi alihitaji kitu cha kaki. Alitaka dobi ajue kuwa ukuta unatembea, kabla ya wengine kujua. Akawaza kwa siku kadhaa. Mwishowe akatunga hivi: dobi anachukua kipande chembamba cha karatasi ya mafunjo, anakibandika kwa gundi juu ya ufa, upande huu na upande ule. Ukuta ukitulia, karatasi inabaki. Ukuta ukisogea, karatasi inachanika.

"Kuna kitabu kinasema walifanya hivyo?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana ni kaki. Lakini sitaandika mtego usiofanya kazi. Lazima nijaribu."

Kwenye ngazi zetu, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tulikwenda wote. Alinipa kopo la gundi nishike. Akabandika ukanda wa karatasi nyeupe, mpana kama kidole, juu ya ule ufa, akaulainisha kwa mfupa wake wa kukunjia karatasi. Alifurahi kama mtoto. "Utakaa hapa mpaka gundi iliwe na mende," akasema. Alitarajia ubaki mzima. Alitaka tu kujua kama gundi ya unga inashika ukutani.

Siku ya tatu nilipanda kwenye tangi kuchota maji, nikaona ukanda umekatika katikati.

Nilimwita. Alisimama mbele yake bila kuugusa. Akasema labda mtoto ameuchana. Akabandika mwingine, juu zaidi, mahali ambapo mtoto hafiki. Ukakatika. Akabandika wa tatu, karatasi nene. Siku nne ukatulia, ya tano ukakatika. Nilichora alama kwa chaki yangu ya fundi kwenye ncha za ufa, na kila asubuhi niliupima kwa futi kamba. Ufa uliipita chaki yangu, ukanipita na mimi, ukapanda kuelekea kwa Mama Swaumu.

"Babu," nikamwambia, "si ulisema umepika?"

"Nilipika," akasema. Nilimwona akitaka kukaa, na kwenye ngazi hakuna pa kukaa. "Sasa nimeona."

Alimwendea msimamizi. Msimamizi alimsikiliza, akamwita mzee wangu, akaahidi. Kesho yake alikuja mtu na plasta, akaufunika ufa na chaki zangu zote, akapaka rangi ya bluu. Ngazi zikapendeza. Watu wakamshukuru msimamizi. Mjalidi akarudi kibandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiandika habari ya jengo letu, si ya Roma. Aliandika siku ngapi kila ukanda ulikaa, ufa ulipanda kiasi gani, nyundo zilisikika upande gani, na milango ipi haifungi tena vizuri. Aliandika hayo yote kwenye karatasi nyeupe. Akaishona katikati ya kitabu cha dobi, palepale baada ya kaki ya mafunjo, kwa sababu alisema ndipo mahali pake. Mimi ndiye niliyemtungia uzi. Niliuona ukurasa kwa macho yangu.

Hilo lilikuwa kosa lake, na sijui kama mtu wa mtaa mwingine angelifanya. Habari ya kufa na kupona aliitia ndani ya hadithi, akaitoa saa ya hadithi, akiwa kwenye kigoda cha hadithi. Alidhani rangi ya karatasi itatosha.

Alasiri hiyo baraza lilijaa. Msimamizi naye alikuwepo, amekuja kunywa kahawa. Mjalidi akasoma kaki ya dobi na ukanda wa mafunjo, watu wakatulia tuli. Kisha akageuza ukurasa. Hakuita paukwa. Alivuta pumzi aanze kwa sauti yake kavu, na kabla hajatamka neno, watu wote, kwa mazoea, kwa utamu wa hadithi, wakaitikia kwa pamoja:

"Pakawa!"

Akasoma. Alisoma juu ya ngazi za bluu, na plasta, na mlango wa Mama Swaumu unaokwama chini. Walishangilia. Idi alipiga meza. "Mzee leo umetisha! Umetuingiza na sisi Roma!" Mama Swaumu alijishika kifua huku anacheka, "Ee Mola wangu, na mlango wangu kauweka!"

"Si hadithi hii," Mjalidi akasema. "Mama Swaumu, hamisha watoto. Leo."

Wakazidi kucheka, kwa sababu hata dobi kwenye hadithi aliwaambia majirani zake maneno yale yale.

Msimamizi akaweka kikombe chini. "Hadithi tamu, mzee. Ila utawatisha watu."

Hapo Mjalidi akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni. Akauinua ukurasa, lakini jua lilikuwa linamulika kutoka nyuma yake na kila karatasi ilionekana ya njano. "Mwulizeni binti huyu. Yeye ndiye aliyenitungia uzi. Waambie, mjukuu wangu. Ukurasa huu ni rangi gani?"

Watu wote wakanitazama, na msimamizi akanitazama. Nilihisi masikio yanawaka. Neno lilikuwa moja tu, tena fupi. Nikainamisha kichwa kwenye cherehani na kusema, "Sikuangalia."

Nikaanza kukanyaga pedeli, na kitambaa hakikuwepo.

Haikupita wiki, msimamizi alimwambia Mjalidi kwamba sehemu ya chini ya ngazi inahitajika kuweka mifuko ya saruji. Binti yake alikuja na bajaji. Vitabu vilijaza nyuma, yeye akakaa mbele karibu na dereva, magoti kifuani. Aliniachia kitabu cha dobi, na karatasi mbili ambazo hazijashonwa, moja nyeupe, moja ya kaki. Hakunilaumu, na kunilaumu kungenisaidia.

Miezi mitatu sikwenda kumwona. Upanga si mbali, unavuka Mnazi Mmoja tu, lakini kila nilipoanza safari miguu ilirudi. Juzi ndipo nilipokwenda.

Amelala kwenye kitanda karibu na dirisha, kwenye chumba ambacho angeweza kusimama wima, na hawezi tena kusimama. Binti yake alinong'ona kwamba daktari amesema ni mapafu. Mikono yake nilipoishika ilikuwa mikavu. Haikunata. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akakusanya pumzi. "Mama Swaumu amehama?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Anasema wewe ulikuwa mtunzi mzuri sana."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, "Na ufa?"

"Umetokea juu ya plasta. Kidole changu kidogo kinaingia. Jana mlango wetu sisi umekataa kufunga, shangazi ameufunga kwa kamba. Na nyundo zimenyamaza, babu. Wiki nzima sasa. Msimamizi anasema kazi imesimama kidogo. Nilidhani zikinyamaza nitapata usingizi."

"Umeona au umepika?"

"Nimeona, babu. Nimepima kwa futi."

"Una zile karatasi mbili?"

Nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nikazitoa, nikazishika mbele yake, moja kila mkono. Alizitazama. Nilitaka aniambie la kufanya, kama alivyonionyesha zamani pa kuchoma sindano. Aligeuza uso dirishani, na mimi nikajua kuwa ananiuliza tena swali lile lile la barazani, ila safari hii haniangalii, ili niweze kujibu.

"Nyeupe," nikasema. "Ule ukurasa ulikuwa mweupe. Niliuona."

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi najua."

Ile ya kaki nimeiacha kwake, chini ya mto wake. Hii mnayoisoma nimeianzia kwenye ile nyeupe, nikaongeza nyingine nyeupe nilizonunua. Kuongea mbele yenu siwezi, nimejaribu. Kwa hiyo nimeandika, na nimetoa nakala, na leo mchana nitaipitisha chini ya kila mlango wa jengo letu, kuanzia ghorofa ya nne. Nakala nyingine nimewapa watu wa mitaa ya jirani wazipeleke mbele. Dobi alitungwa. Mtoto wake alitungwa. Karatasi ya mafunjo ilitungwa. Mengine yote niliyowaambia kuhusu ukuta ni ya kweli, na mimi ndiye niliyekaa kimya. Shangazi nimeshamfungia mzigo wake, uko hapa barazani karibu na cherehani.

Tafadhali niandikieni. Hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, hata mstari mmoja, mniachie barazani au mmpe yule aliyewaletea. Msiniambie kama nimeandika vizuri. Niambieni kwanza kama mmetoka. Na nyinyi wa majengo mengine, inukeni sasa hivi mkajaribu, kisha mniandikie: mlango wenu bado unafunga?

Mama Swaumu, nakuomba usinijibu "pakawa." Sikuita.